Pikipiki ya Kale: Mnunuzi Ajiulize Nini Kabla ya Kutoa Fedha?

Katika vibanda vya nyuma ya nyumba za wazee, katika maghala ya misheni na katika mashamba ya zamani ya kahawa na chai, bado zimo pikipiki zilizotengenezwa Uingereza kabla wasomaji wengi wa ukurasa huu hawajazaliwa. Nyingine zimefunikwa kwa turubai, nyingine zimekuwa kituo cha kuku. Mara kwa mara mmoja wa wenye mali hizo huamua kuuza, na habari huenea upesi kambini au katika laini ya polisi: mzee fulani anauza BSA, bei si kubwa, na injini, kwa maneno ya mzee, haijaguswa.

Habari kama hiyo huwasisimua wengi, hasa wenye kupenda mitambo na wenye kukaribia kustaafu. Lakini ununuzi wa namna hii haufanani hata kidogo na kununua pikipiki mpya dukani. Duka lina risiti, dhamana na akiba ya spea. Mtu binafsi hana isipokuwa neno lake. Fedha zikishatoka mkononi, kosa ni la mnunuzi, na pamoja naye mke na watoto waliokuwa wakizitegemea fedha hizo kwa karo, kwa mabati au kwa mtaji wa duka dogo. Kwa sababu hiyo jambo hili lafaa kuzungumzwa mapema, wakati kichwa bado ni baridi.

CHOMBO CHENYE HISTORIA

Ni vema mnunuzi ajue anachotaka kununua. Herufi BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, yaani kiwanda cha silaha ndogo cha mji wa Birmingham. Kiwanda hicho kiliundwa na mafundi bunduki mwaka 1861, na ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, kama askari wanavyozisimamisha wanapopumzika. Baiskeli zilifuata baadaye, na pikipiki yake ya kwanza kamili ilitokea mwaka 1910.

Miongoni mwa pikipiki za BSA zinazojulikana mno ni M20. Hii ina silinda moja ya sentimita za ujazo 496, gia nne, kiti kimoja chenye springi na fremu isiyo na springi nyuma. Ilitengenezwa tangu mwaka 1937 hadi 1955. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda kilitoa zaidi ya 126,000 kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na washirika wake, ijapokuwa ndege za Ujerumani zilikishambulia kwa mabomu mwezi Novemba 1940 na kuua makumi ya wafanyakazi. M20 haikuwa na mbio, nayo ilikuwa nzito. Sifa yake ilikuwa uvumilivu. Injini yake hukandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kidogo tu, karibu 5 kwa 1, hivyo iliweza kutumia hata petroli hafifu ya siku za vita.

Ya pili ni Bantam, pikipiki ndogo na nyepesi iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Mchoro wake haukubuniwa Birmingham. Ulitoka katika pikipiki ya Kijerumani DKW RT125, na Waingereza waliuchukua baada ya Ujerumani kushindwa vitani mwaka 1945, kuwa sehemu ya fidia. Warusi na Wamarekani nao waliutumia mchoro huohuo, na Wajapani wa Yamaha waliufuata walipotengeneza pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955. Bantam za mwanzo zilikuwa na sentimita za ujazo 123, na baadaye zikafika karibu 175. Utengenezaji wake ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kampuni yenyewe ilipokuwa ikianguka. Mwaka 1973 mabaki ya BSA yaliunganishwa na viwanda vingine vya pikipiki, na milango ya Birmingham ikafungwa.

Jina la BSA limefufuliwa. Kampuni ya Kihindi ililinunua mwaka 2016, na mwaka 2021 pikipiki mpya iitwayo Gold Star ilionyeshwa. Hata hivyo mnunuzi asidanganywe: spea za Gold Star hii mpya haziingii katika M20 wala katika Bantam. Kilichobaki ni jina tu.

NI CHOMBO CHA KAZI AU CHA MAPENZI?

Swali la kwanza halihusu injini. Lahusu nyumba. Pikipiki hiyo itafanya kazi gani?

Tumchukulie sajenti anayekaribia kustaafu. Anatazamia malipo yake ya uzeeni, ana watoto watatu shuleni, na anataka chombo cha kumpeleka shambani na kuleta maziwa mjini. Mtu huyu anahitaji chombo kitakachowaka kila asubuhi, kitakachobeba mzigo, na ambacho fundi wa njia panda anakijua kwa kukigusa tu. Kwa mahitaji hayo, Bajaj Boxer ya kawaida, ambayo spea zake huuzwa katika kila kituo cha biashara, yamfaa zaidi kuliko M20 yenye umri wa miaka 80. Hapa hapana ubishi.

Mtu mwingine tayari ana usafiri. Anapenda kufungua injini jioni, ana mikono ya fundi, na fedha anazotaka kutumia hazina kazi nyingine ya lazima. Huyo aweza kununua pikipiki ya kale kama wengine wanavyonunua gitaa au ng'ombe wa maonyesho. Ataitumia siku za sikukuu, ataihifadhi, na siku moja mwanawe atajifunza ufundi kwayo. Hilo ni jambo jema.

Hatari imo katikati, kwa yule anayejidanganya kwamba chombo cha mapenzi kitakuwa pia chombo cha kazi. Atakinunua kwa fedha za kazi, nacho kitamlipa kwa mapenzi peke yake.

Kwa hiyo shauri hili lisiamuliwe na mume peke yake akiwa kantini. Mama wa nyumba huuliza maswali ambayo muuzaji hapendi kuulizwa. "Baba watoto, pikipiki hii itabeba nani, nayo ina kiti kimoja?" "Ikiharibika mwezi wa karo, tutaitengeneza kwa fedha gani?" Mwanamume asiyeweza kuyajibu maswali hayo nyumbani kwake hana budi kusita kwenda kwa muuzaji. Tena ifahamike kwamba kununua chombo cha kale kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo ni hatari maradufu, kwa maana makato ya mshahara hayangojei spea zifike kutoka ng'ambo.

KARATASI KWANZA, INJINI BAADAYE

Watu wengi huanza kwa kupiga kiki. Huko ni kuanza mwisho. Aanzaye vizuri huomba kwanza kitabu cha usajili, ambacho wengi hukiita logibuku, kisha hukisoma pamoja na pikipiki yenyewe.

Kila BSA ina namba mbili zilizogongwa katika chuma: namba ya injini na namba ya fremu. Mnunuzi asafishe uchafu kwa brashi na kitambaa, azinakili kwa mkono wake mwenyewe, kisha azilinganishe na zilizoandikwa kitabuni. Katika BSA nyingi za miaka ya 1940 na 1950, namba ya injini na namba ya fremu zilikuwa tofauti tangu kiwandani. Tofauti hiyo si kosa. Kosa ni namba ya chuma kutolingana na namba ya karatasi. Aidha achunguze kama tarakimu zimekaa sawasawa, au kama kuna alama za tupa, rangi nzito mahali hapo peke yake, au tarakimu moja yenye umbo tofauti na nyingine. Injini iliyoandikwa WM20 ilitengenezwa kwa ajili ya wizara ya vita ya Uingereza. Lakini herufi hizo hazithibitishi kwamba pikipiki ilipigana jangwani au ilimbeba jenerali fulani. Hadithi ya muuzaji isiongeze bei hata kwa shilingi moja kama haina hati.

Jambo la pili ni haki ya kuuza. Jina lililoandikwa kitabuni ndilo jina la anayeuza? Mara nyingi sivyo. Mwenye mali alikwisha kufariki miaka mingi iliyopita, na anayeuza ni mjane, mtoto au mpwa. Nchini Uganda, mali ya marehemu huendeshwa na mtu aliyepewa mamlaka na mahakama kusimamia mirathi. Mnunuzi aombe kuiona hati hiyo. Kama haipo, asitoe fedha, hata kama familia yote imekaa barazani na kusema imekubali. Ndugu aliyeko mbali leo aweza kurudi kesho na kudai chombo cha baba yake, na sheria ikawa upande wake.

Jambo la tatu lawahusu hasa wenye kuvaa sare. Pikipiki iliyopakwa rangi ya jeshi au polisi, au ambayo muuzaji anasema ilitoka bohari ya serikali, lazima iwe na hati ya kuonyesha jinsi ilivyouzwa. Mali ya umma haiondoki kwa maneno. Uganda ina sheria ya mwaka 2003 kuhusu ununuzi wa umma na uuzaji wa mali za umma, na hata kabla ya sheria hiyo uuzaji halali uliacha karatasi. Raia akikutwa na mali ya wizi ana kesi ya kujibu. Askari akikutwa nayo ana kesi ya kujibu, na juu yake kazi yake na heshima ya kikosi chake vimo hatarini. Kwa mlinzi wa sheria, bei nafuu isiyo na karatasi ni ghali kupita zote.

Mwishowe, namba za fremu na injini zipelekwe katika ofisi ya serikali ya usajili wa vyombo vya moto, ili ijulikane kama chombo hicho kimo katika kumbukumbu za sasa. Pikipiki nyingi za kale zilisajiliwa kwa utaratibu wa zamani na hazikuhamishwa. Kuzisajili upya huenda kukachukua muda na malipo. Swali hilo huulizwa kabla ya kununua. Na chombo kikishaingia barabarani, bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa sheria ya mwaka 1989, bila kujali kama pikipiki ina mwaka mmoja au themanini.

INJINI IKIWA BARIDI

Karatasi zikiwa sawa, mnunuzi aende mchana, jua likiwaka, pamoja na fundi anayemwamini, naye fundi huyo asiwe rafiki wa muuzaji. Jambo la kwanza kulifanya ni kuigusa injini kwa kiganja. Ikiwa ina joto, kuna neno.

"Mzee wangu, mbona injini ina joto?"

"Niliiwasha asubuhi, kijana wangu, nisikupotezee wakati."

"Ahsante, mzee. Basi acha tunywe chai kwanza, mpaka ipoe."

Jibu hilo ni la adabu, nalo ni la busara. Injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa baridi, na muuzaji mjanja hujua hivyo. Wakati chai inanyweka, ukaguzi wa macho uendelee.

Sumaku ndogo mfukoni ni rafiki mkubwa. Iwekwe juu ya tangi na mudigadi: mahali inapokataa kushika, chini ya rangi pana puti, si chuma. Rangi mpya inayong'aa isimfurahishe mtu kabla ya kujua inaficha nini. Ndani ya tangi imulikwe kwa tochi, kwa sababu kutu ya tangi hushuka katika kabureta na kuzima injini njiani. Fremu itazamwe kwa mbele na kwa nyuma kama magurudumu yote mawili yamo katika mstari mmoja, na viungo vyake vichunguzwe kama vina nyufa au vimewahi kuunganishwa kwa moto wa welding. Pikipiki zilizowahi kuvuta kigari cha pembeni zichunguzwe zaidi.

Gurudumu la mbele linyanyuliwe, kisha fundi ashike uma wake na kuuvuta mbele na nyuma. M20 za wakati wa vita zina uma wa vyuma vilivyounganishwa kwa pini na bushi, wenye springi kubwa katikati. Ukicheza na kugonga, bushi zimekwisha, na kuzichonga nyingine ni kazi ya mashine ya kereza. Spoki zigongwe moja moja kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Tairi zitazamwe ubavuni. Tairi lenye meno mazuri lakini lenye mipasuko ubavuni limezeeka, nalo laweza kupasuka. M20 hutumia tairi la 3.25 kwa 19, nalo silo linalouzwa kila kona kwa ajili ya boda boda.

Sasa injini iwashwe, na muuzaji mwenyewe ndiye aiwashe, ili mgeni aone jinsi inavyopigwa kiki. M20 ina kijikono katika usukani cha kurudisha nyuma wakati wa cheche. Asiyekijua, akapiga kiki cheche ikiwa mbele, kiki hurudi kwa nguvu na yaweza kumvunja mguu. Muuzaji asiyejua matumizi ya kijikono hicho hajaiendesha pikipiki hiyo kwa muda mrefu, liwalo lote asemalo.

Mara injini inapowaka, mfuniko wa tangi la oili ufunguliwe. Katika M20 oili haikai chini ya injini. Husukumwa na pampu kutoka tangini, hupita injini, kisha hurudi tangini. Mtu akichungulia ataiona ikirudi. Isiporudi baada ya muda mfupi, injini izimwe mara moja, kwa maana pampu au njia yake ina kasoro, na kila dakika inayopita ni chuma kusaga chuma.

Moshi nao una lugha yake. M20 iliyokaa muda mrefu huvuja oili taratibu hadi chini ya injini, na ikiwashwa hutoa wingu la moshi kwa dakika chache kisha huacha. Hilo si jambo la kutisha. Moshi wa buluu usiokoma ndio wenye maana: ringi, silinda au miongozo ya valvu imechakaa. Kwa Bantam hesabu ni nyingine, kwa sababu yenyewe huunguza oili iliyochanganywa na petroli, hivyo moshi kidogo ni wa kawaida. Kwa hiyo mwenye Bantam aulizwe anachanganyaje petroli yake. Akijibu kwamba hutia petroli tupu kama ya Boxer, pistoni na beringi zake zimekwisha kuteseka. Bantam inayonguruma kwa kasi isiyotulia, hata mkono wa petroli ukiwa umerudishwa, huenda inavuta hewa kupitia sili za krenkshafti zilizokauka. Kuzibadili ni kuifungua injini yote.

Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi pikipiki inapopanda kilima, ni dalili ya beringi kubwa ya mkono wa pistoni. Hapo mazungumzo ya bei hubadilika kabisa, au hukoma.

NJIANI, KISHA WASHA TENA

Kabla ya kuijaribu barabarani, askari aliyezoea pikipiki za Kijapani au Kihindi akumbuke jambo moja linalohusu uhai wake. Katika BSA hizi gia iko mguu wa kulia, na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto. Mguu hufuata mazoea hasa mtu anapostuka. Mtoto akikatiza barabara, mguu wa kulia utakanyaga kutafuta breki, nao utakuta gia. Mazoezi ya kwanza yafanywe uwanjani, kofia ngumu kichwani, mpaka miguu ijifunze upya. Na breki zenyewe ni za ngoma, zilitengenezwa kwa mwendo na msongamano wa siku zile. Hazishiki kama breki za leo.

Baada ya mwendo wa dakika 20 hivi, pikipiki izimwe, iachwe dakika 5, kisha ipigwe kiki tena. Jaribio hili wengi hulisahau, nalo hufichua mengi. Magneto, chombo kinachotoa cheche, hudhoofika kwa uzee. Ikiwa baridi hutoa cheche nzuri, lakini joto likipanda cheche hufifia. Pikipiki huondoka nyumbani vizuri, ikasimama sokoni, na haitaki kurudi. Magneto hiyo hapana budi isukwe upya na fundi anayejua, na mafundi wa namna hiyo ni wachache.

Taa nazo zijaribiwe. Umeme wa pikipiki hizi ni wa volti 6, wakati balbu na betri zinazouzwa kwa wingi ni za volti 12. Anayefikiri ataendesha usiku atambue kwamba mwanga wa volti 6 ni hafifu sana mbele ya malori.

SPEA, SPANA NA HESABU

Spea za M20 na Bantam bado hutengenezwa Uingereza, kwa kuwa wapenzi wake huko ni wengi. Pale pia pana chama kiitwacho Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1946, chenye maktaba ya kumbukumbu za pikipiki za kale. Kwa hiyo spea si ndoto. Lakini kila pistoni au gaskiti italipiwa bei ya huko, usafiri, ushuru, na juma baada ya juma la kungoja.

Tena nati na bolti zake si za milimita. Zilikatwa kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani, kama Whitworth na vile vya baiskeli. Spana ya milimita ikilazimishwa huzungusha na kula pembe za nati. Fundi anayelazimisha bolti ya Kijapani katika tundu la BSA ameharibu tundu hilo. Dalili za uharibifu huo huonekana kwa macho: nati zilizoviringana, bolti za aina mbalimbali, na waya mahali palipotakiwa skrubu. Pikipiki yenye dalili hizo imepita katika mikono mingi isiyoijua.

Baada ya yote hayo mnunuzi achukue karatasi na kuandika. Tuseme, kwa mfano tu, mzee anataka shilingi 4,000,000. Tairi mbili na tyubu, tuseme 500,000. Kusuka magneto, 600,000. Bushi za uma, 300,000. Usajili na bima, 400,000. Betri, nyaya na mengineyo, 200,000. Jumla imekuwa 6,000,000, yaani nusu nzima imeongezeka juu ya bei ya mzee, na injini bado haijafunguliwa. Takwimu za kila mahali zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo. Bei ya pikipiki ya kale ni ile anayotaja muuzaji pamoja na ile ambayo haitaji. Mwenye hesabu hiyo mkononi hana haja ya kutukana mali ya mtu wala kupandisha sauti. Anaonyesha karatasi, anasema uwezo wake, kisha ananyamaza.

Mapatano yakifikiwa, yaandikwe: majina ya pande zote mbili, namba za injini na fremu, bei, tarehe na sahihi za mashahidi wawili. Fedha zitolewe mbele ya mashahidi hao, au zipitie benki au simu ili zibaki na kumbukumbu. Kitabu cha usajili na fomu ya kuhamisha umilikaji zikabidhiwe saa hiyohiyo. Ahadi ya "karatasi nitakuletea kesho" imewaliza wengi. Kesho ya namna hiyo huwa haifiki.

WAKATI WA KUSEMA HAPANA

Baadhi ya kasoro zaweza kusameheka: rangi iliyopauka, kiti kilichopasuka, taa isiyowaka, tairi zilizokwisha. Hizo hupunguza bei, wala haziui biashara. Kasoro nyingine hazisameheki hata kama bei ni ya kutupa: namba zilizochezewa, muuzaji asiye na haki ya kuuza, fremu iliyovunjika na kuunganishwa ovyo, na muuzaji anayekataa injini isubiriwe ipoe. Kwa hayo, dawa ni kuaga kwa adabu na kuondoka.

Kuondoka hakuna aibu. Ofisa anayeacha kupeleka kikosi mahali asipopakagua haitwi mwoga, na mzazi anayeacha kununua asichokijua amelinda nyumba yake. Muuzaji akisema yuko mnunuzi mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu, mwacheni aje. Apendaye na mwenye uwezo atapata nyingine, kwa maana kila mwaka vibanda hufunguliwa na wazee huuza. Na asiyetaka taabu ya uzee lakini anapenda sura yake, Royal Enfield Bullet, ambayo Wahindi wameitengeneza tangu mwaka 1955 kwa kufuata umbo la Kiingereza, hupatikana ikiwa mpya, na spea zake bado hutengenezwa kiwandani.

Kwa yule ambaye karatasi zimekuwa sawa, injini imewaka ikiwa baridi na ikiwa moto, hesabu imekubali na mama watoto ameridhika, na anunue kwa moyo mweupe. Hata yeye alale kwanza usiku mmoja kabla ya kutoa fedha. Pikipiki iliyongoja miaka 70 katika kibanda yaweza kungoja hadi Jumatatu.